Kisu cha marehemu kina wenyewe



Mwaka 2021, katika darasa la kidato cha tatu, nilikuwa nafundisha mada ya mirathi katika somo la Elimu ya Dini ya Kiislamu. Hii ni mada ambayo wanafunzi wengi huiogopa kwa sababu ya mafungu na hesabu zake, lakini mimi nimekuwa nikiipenda tangu nikiwa chuo kikuu. Siku hiyo nilikuwa nimefika pale ambapo mwalimu hueleza ni mali gani inaingia katika tirka, yaani mali aliyoiacha marehemu. Nikawaambia wanafunzi kwa kujiamini kabisa kwamba ni kila kitu: nyumba, shamba, fedha za benki, deni analowadai watu, baiskeli, redio, kanzu, hata sindano. Huku nikiongea nilitoa mfukoni kisu changu cha kukunja, nikaanza kuchonga penseli ili nichore jedwali la mafungu.

Binti mmoja wa mstari wa pili akanyoosha mkono. "Maalim, hicho kisu si ndicho ulichotuambia ni cha marehemu baba yako?" Nikamjibu, ndicho. "Na chenyewe kiligawiwa?"

Darasa zima likacheka. Mimi nilishindwa kucheka. Nilimwambia swali lake ni zuri na tutalijibu kipindi kijacho, na huo, ndugu msomaji, ndio ukweli wa namna mwalimu anavyokimbia. Baba alifariki mwaka 2014. Kwa miaka saba nilikuwa nimekibeba kisu kile kila siku, msikitini, sokoni na darasani, nami ndiye ninayewafundisha watoto wa watu kwamba hata sindano ina wenyewe.

Makala haya nimeyaandika kwa sababu naamini siko peke yangu. Katika mifuko ya koti na droo za kabati zetu za mjini vimejaa visu, saa, miwani, tasbihi, bakora na kalamu za wino za wazee wetu, na wengi wetu hatukuwahi kuulizwa tulivipataje.

Okapi ya babu

Kwanza nikieleze kisu chenyewe, maana kina habari yake. Ni kisu cha aina ya okapi, ambacho wazee wengi wa bara na pwani wanakijua. Mpini wake ni wa mti, na umepambwa kwa vipande vidogo vya madini vyenye umbo la mwezi na nyota. Mgongoni kina pete ya chuma. Ukikifungua kinalia kra-kra-kra kama saa inayotiwa ufunguo, na hakikunjiki tena mpaka uvute ile pete. Mlio huo kwetu ulikuwa kama tangazo. Baada ya swala ya Isha, tukiusikia barazani, tulijua baba anamenya machungwa, na kila mtu alikimbilia kipande chake.

Visu hivi vilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya kuuzwa katika makoloni ya Wajerumani ya Afrika, na nchi yetu ilikuwa mojawapo. Jina ni la mnyama okapi wa misitu ya Kongo, ambaye wataalamu wa Ulaya walikuwa wamemtambulisha rasmi mwaka mmoja tu kabla, yaani 1901, na sina shaka mfanyabiashara aliona jina linalovuma akalichukua. Mwaka 1988 utengenezaji ulihamia Afrika Kusini. Kwa hiyo ukiona okapi yenye maandishi ya Ujerumani kwenye chuma chake, jua umeshika kitu cha kabla ya hapo.

Hiki chetu ni cha Ujerumani. Babu mzaa baba alikinunua alipokuwa akifanya kazi katika mashamba ya mkonge upande wa Muheza. Mwaka 1979, baba alipokuwa anakuja Dar es Salaam kutafuta kazi, babu alikitoa mfukoni akampa mkononi, mbele ya watu, siku ya safari. Sehemu hii ya habari niliipata kwa mama na kwa shangazi yangu baada ya swali la yule binti, na itaonekana punde kwa nini nililazimika kuitafuta.

Mimi nilikipataje? Siku chache baada ya mazishi, nguo za baba zilitolewa kabatini. Kila mwenye kufiwa anaijua siku hiyo: kanzu hii apewe fulani, koti lile linamtosha mjomba, viatu apelekewe muadhini. Nilipapasa mfuko wa koti nikakuta kisu, nikakitia mfukoni mwangu. Hakuna aliyesema neno, nami sikuona kama nimefanya jambo lolote. Nilikuwa mtoto wa kiume wa pekee, na moyoni niliona kwamba kisu cha baba ni cha mwanawe wa kiume, kama ambavyo kanga za mama huonekana ni za mabinti. Hii ni mila. Katika aya za mirathi za Suratun-Nisaa, kuanzia aya ya 7 hadi ya 12, hakuna fungu la visu vya wanaume wala fungu la kanga za wanawake. Aya ya 7 inaweka wazi kwamba wanaume wana sehemu na wanawake wana sehemu katika walichokiacha wazazi na jamaa, kiwe kichache au kingi. Nimeifundisha aya hiyo mara nyingi, na hilo neno "kichache" nilikuwa nalipita haraka.

Kupewa ni kupewa, na kuahidiwa ni kuahidiwa

Nilipoanza kujihoji, nafsi ilinitafutia mlango wa kutokea. Ikanikumbusha kwamba baba alikuwa akisema, tena zaidi ya mara moja, "Hiki kitakuja kuwa chako." Je, hiyo si zawadi?

Hapa ndipo elimu inapomuumbua mwenye nayo. Zawadi, au hiba, kwa rai ya wanazuoni wengi haitimii kwa maneno tu mpaka aliyepewa akabidhiwe. Na anachokiagiza mtu kitolewe baada ya kufa kwake hicho ni wasia, na wasia kwa mtu ambaye tayari ni mrithi haupiti mpaka warithi wengine wakubali kwa hiari yao. Baba hakunikabidhi kisu. Aliendelea kukitumia yeye mpaka alipolazwa hospitali, na kilikutwa katika koti lake. Maneno yake yalikuwa mapenzi ya baba kwa mwanawe, lakini hayakukihamisha kisu kutoka mfuko wake kuingia wangu.

Upo mfano ambao kila nikiusoma unanisimamisha. Imamu Malik ameupokea katika Muwatta kwamba Sayyidna Abubakar (r.a.) alikuwa amempa binti yake Bibi Aisha (r.a.) mitende yenye mavuno ya wasaq 20 katika mali yake huko Ghaba. Mauti yalipomfikia alimweleza kwamba hapana mtu ambaye angependa kumwona na utajiri kuliko yeye, ila kwa kuwa hakuwa ameyavuna na kuyachukua, siku hiyo yamekuwa ni mali ya warithi, nao ni kaka zake wawili na dada zake wawili, basi wagawane kwa mujibu wa Kitabu cha Allah. Bibi Aisha alikuwa akimjua dada mmoja tu, Asmaa, akauliza huyo wa pili ni nani. Akajibiwa kuwa ni aliye tumboni mwa mkewe, binti Kharija, anadhani atakuwa mtoto wa kike. Tazama, ndugu yangu: Khalifa yuko kitandani anakata roho, anamnyang'anya kipenzi chake tende alizomwahidi, kwa ajili ya mtoto ambaye hajazaliwa. Sisi tunashindwa kumuuliza dada aliyekaa chumba cha pili.

Kwa upande wa babu hali ilikuwa tofauti, na ndiyo sababu nilimtafuta shangazi. Kama babu naye angekufa nacho na baba akakichukua tu kama nilivyokichukua mimi, basi ndani ya kisu hicho kungekuwa na fungu la shangazi tangu zamani, na mirathi mbili zingekuwa zimelaliana. Wanazuoni wana mlango maalumu wa hesabu hizo, munasakha, na wanafunzi wangu wanauchukia kuliko milango yote. Shangazi alinituliza. Alikuwepo siku ile ya mwaka 1979. Aliona babu akikitoa na baba akikipokea, na babu aliishi miaka mingi baada ya hapo bila kukitaka tena. Nikamuuliza kama yeye alipewa chochote, nikiwa na maana ya ile hadithi ya Nu'man bin Bashir (r.a.) iliyomo katika Bukhari na Muslim, ambayo Mtume (s.a.w.) alikataa kuishuhudia zawadi ya mzazi kwa mtoto mmoja huku wengine hawakupewa mfano wake. Shangazi akacheka: "Mimi nilipewa mbuzi jike, mwanangu. Baba yako na kisu chake, mimi na mbuzi wangu. Nani alipunjwa?"

Shilingi 16,000

Nilikipeleka kisu kwa fundi mmoja wa Gerezani anayenunua na kuuza zana za zamani, nikamuuliza angekinunua kwa kiasi gani. Akakifungua, akausikiliza ule mlio, akagusa makali kwa kidole gumba, akasema shilingi 16,000.

Baba aliacha mke mmoja, mtoto mmoja wa kiume na mabinti wawili. Wazazi wake walikuwa wameshatangulia. Gharama za mazishi zilikuwa zimelipwa, na deni na wasia havikuwepo. Mama ana thumni, yaani moja ya nane, kwa kuwa marehemu ameacha watoto: shilingi 2,000. Zinabaki 14,000, zinagawiwa mafungu manne, mwanamume mawili na kila binti moja: mimi 7,000, dada yangu 3,500, na mdogo wangu wa kike 3,500. Kwa lugha nyingine, zaidi ya nusu ya kile kisu nilichokuwa nakiita changu kilikuwa cha wanawake watatu.

Najua wapo watakaosema mwalimu huyu anakuza mambo, nani atagombana kwa 3,500? Jibu langu ni kwamba thamani ndogo ndiyo iliyotudanganya. Ndugu zetu wenye asili ya Oman wanalijua jambia la babu lililopambwa kwa fedha, na mwaka 2022 shirika la UNESCO liliingiza utamaduni wa khanjar ya Oman katika orodha yake ya urithi. Jambia kama hilo likiwa katika tirka hakuna atakayelisahau. Litafungiwa na litapimwa. Kinachopotea bila kuulizwa ni kisu cha kumenyea chungwa. Katika habari ya Khaybar, waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) alipowatahadharisha watu juu ya nguo iliyochukuliwa katika ngawira kabla ya kugawiwa, mtu mmoja alileta kamba za viatu, moja au mbili, na hata hizo hakuambiwa kwamba ni ndogo mno. Ngawira ina hukumu zake na mirathi ina zake, lakini jambo la kuchukua kabla ya kugawa ni lile lile.

Nilianza kwa mama. Akaniambia, "Thumni yangu nimekuachia, nami nilijua unacho." Nikampigia dada yangu mkubwa aliyeko Morogoro. Alicheka sana, akasema nisimsumbue na visu, ameniachia kwa moyo mkunjufu, ila nimpelekee machungwa.

Mdogo wangu anaishi Tanga, ni fundi cherehani. Nilipomweleza alinyamaza muda mrefu hata nikadhani simu imekatika. Kisha akasema: "Kaka, mimi nilikitaka kile kisu."

Ndiye aliyekuwa akikaa na baba hospitalini. Mimi nilikuwa na vipindi na mitihani ya kusahihisha, nilikwenda jioni jioni. Yeye alikuwepo mchana wote, na alikuwa akimmenyea machungwa kwa kisu kile kile, na kila jioni alikikunja na kukirudisha katika mfuko wa koti lililotundikwa nyuma ya mlango. Siku nguo zilipogawiwa alikuwa jikoni na wageni. Aliporudi akapapasa koti, hakukuta kitu. Baadaye aliniona nacho. "Nikasema kaka amekitaka, yeye ni mwanamume, basi." Miaka saba.

Sikuwa na la kusema. Kama ningempelekea shilingi 3,500 kwa simu na kumwambia tumemalizana, hesabu ingekuwa sahihi.

Kitu kisichogawika

Fiqhi inatoa njia kadhaa kwa kitu kisichokatika vipande. Kinaweza kuuzwa na fedha zikagawiwa. Mmoja anaweza kukichukua na kuwalipa wenzake mafungu yao. Na ipo njia ambayo mijini tumeisahau, muhayaa, nayo ni kupeana zamu za kukitumia huku umiliki ukibaki wa wote. Wazee walikuwa wakifanya hivyo kwa visima, mashamba na hata wanyama wa kazi.

Lakini kabla ya njia yoyote, warithi waulizwe kweli kweli. Kusamehe kwa aibu si kusamehe. Mtu akiulizwa mbele ya wageni, kilioni, huku kitu kimeshatiwa mfukoni na kaka mkubwa, atasema "chukua tu", na moyo wake haumo. Imepokewa kwa Mtume (s.a.w.) kuwa mali ya Mwislamu haiwi halali kwa mwingine ila kwa ridhaa ya nafsi yake. Na kama miongoni mwa warithi yumo mtoto mdogo, hapo pana hatari zaidi, kwa sababu mtoto hana uwezo wa kusamehe wala hakuna wa kumsamehea. Zile kanzu na makoti tunayoyagawa kwa nia ya thawabu siku chache baada ya mazishi, ndani yake huwamo fungu la yatima, na aya ya 10 ya Suratun-Nisaa ni nzito mno kwa mwenye kula mali hiyo. Nawasihi maimamu wetu walizungumze hili pale pale kilioni, kabla kabati halijafunguliwa.

Kukibeba mjini

Nimeombwa na baadhi ya vijana nieleze pia hukumu ya kubeba kisu, na nadhani wanauliza wakitarajia niwape ruhusa ya kifua mbele.

Kisu ni chombo cha kazi. Katika Sahihi ya Bukhari imepokewa kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akikata nyama ya bega kwa kisu, akaitwa kwenye swala, akakiweka chini akaenda kuswali. Hapana ubaya wowote kwa mtu kuwa na kisu cha kukatia tunda, kamba au uzi. Lakini kijana anayeniambia anabeba okapi "kwa kujihami", huyo namuuliza: usiku ukiitoa, una hakika gani kwamba utaweza kuirudisha? Visu hivi hivi vilivyoletwa kama zana za kazi, Afrika Kusini na Jamaika vilijipatia sifa mbaya ya visu vya wahuni. Hapa kwetu, mwaka 2022, wakazi wa Dar es Salaam walihangaishwa na makundi ya vijana wenye mapanga waliopachikwa jina la Panya Road, na askari wa doria anayekukuta na kisu saa tano usiku hana namna ya kujua kwamba kilikuwa cha babu yako Muheza.

Adabu zake ziko wazi. Mtume (s.a.w.) aliamrisha mwenye kupita na mishale misikitini au masokoni aishike kwenye vyembe vyake asije akamjeruhi mtu, na alikataza watu kupeana upanga uliochomolewa. Mimi lilinipata la aibu. Siku moja nimerukuu, kisu kikanitoka katika mfuko wa kanzu kikadondoka juu ya mkeka, na kwa kuwa springi yake imechoka kikafunguka kidogo. Mzee aliyekuwa pembeni yangu alisubiri mpaka tukatoa salamu, akakisogeza kwangu kwa mpini, akasema taratibu, "Maalim, kishonee ala." Tangu hapo hakiingii msikitini bila kifuko chake.

Ukisafiri kwa ndege hakiingii nawe ndani. Kiweke katika begi linalokwenda chini. Mwaka 2019 nilikuwa naelekea Umra, nikakisahau mfukoni, mashine ikakiona. Ofisa alinitaka nikiache. Nilibishana naye kwa sauti, "Hiki ni changu, nimekirithi kwa baba yangu!" mpaka binamu aliyenisindikiza akaitwa aje akichukue. Nikikumbuka sasa, nilikuwa navaa ihramu huku ulimi wangu umetoka kudai kitu ambacho sehemu yake kubwa haikuwa yangu.

Na chombo cha kazi kijue kazi yake. Iddi moja niliona ni jambo jema kumchinja mbuzi kwa kisu cha baba, kwa ajili ya kumbukumbu. Kisu kifupi, makali sikuyakagua. Yule mbuzi alipata taabu ambayo mpaka leo naiomba msamaha. Mjomba alikishika kichwa cha mbuzi, akanisukuma, akamaliza kwa kisu chake, kisha akanigeukia mbele ya watoto: "Unamkumbuka baba yako kwa kumtesa mnyama?" Hadithi ya Shaddad bin Aws katika Muslim, inayotutaka tunoe kisu na kumpumzisha mnyama, nilikuwa naijua kwa moyo. Okapi inatosha kuku, tena ikiwa imenolewa vizuri kwenye kinoo.

Jambo jingine la kutahadhari ni imani zinazoning'inizwa kwenye visu vya wazee. Wapo wanaoweka kisu chini ya mto wa mtoto mchanga ili kumzuia shetani. Wapo walioniambia kwamba mwezi na nyota vya kwenye mpini ni kinga. Mwezi na nyota vile viliwekwa na mfanyabiashara wa Ujerumani aliyetaka kuuza bidhaa! Mtoto mchanga anasomewa, hatiwi chuma kichwani. Na hivi karibuni nimeanza kusikia vijana wetu wakisema zawadi ya kisu inakata udugu mpaka aliyepewa arudishe sarafu. Hiyo ni itikadi ya wazungu tangu zamani, imeingia kwetu kwa simu. Babu alimpa baba kisu bila sarafu, na walipendana mpaka kifo.

Zamu ya Ramadhani

Mimi na mdogo wangu tulikubaliana muhayaa. Mama na dada mkubwa wamekwisha tuachia mafungu yao sisi wawili, tena safari hii kwa maandishi, kila mmoja akiwa kwake, bila ya kusukumwa. Kisu kinakaa Tanga mwaka mzima, na mimi ninacho kuanzia mwanzo wa Ramadhani mpaka Iddi. Nimeandika katika wasia wangu kwamba ndani ya kisu hicho mna haki ya mtu mwingine, ili wanangu wasije wakapapasa mfuko wa koti langu kama nilivyofanya mimi. Mtume (s.a.w.) hakumpa Mwislamu mwenye jambo la kuusia zaidi ya siku mbili bila kuuandika wasia wake, mimi nilichelewa sana.

Yule binti wa kidato cha tatu nilimjibu kipindi kilichofuata, mbele ya darasa, na kisu kikiwa mezani. Tulikitumia kama mfano wa hesabu. Walikosea wengi kwenye thumni ya mama, waliitoa baada ya watoto badala ya kabla.

Mwaka wa kwanza mdogo wangu alikuja kukichukua siku ya nne ya Shawwal. Nilikuwa nimekatia ndimu za futari mwezi mzima, na chuma cha zamani hakipendi ndimu. Ubapa wote ulikuwa umeingia madoa meusi, na karibu na pete palikuwa pameshaanza kutu. Hakusema kitu, alikifuta tu kwa upindo wa kanga. Mwaka uliofuata nilikipokea stendi ya mabasi, alikuwa amempa dereva. Kilikuwa kimefungwa katika kitambaa cha khaki alichokishona mwenyewe, kimenolewa, kimepakwa mafuta ya nazi, na ndani ya kitambaa mlikuwa na kipande cha karatasi chenye mwandiko wake: "Kaka, zamu yako. Usikatie ndimu."